Sufuria ya Mama Yusufu Bado Iko Kwangu

Kaka Dezire,

Umenifungia simu. Nikipiga haiiti, nikiandika ujumbe unabaki na tiki moja tangu wiki iliyopita. Basi nakuandikia hapa, kwenye kundi hili ambalo Wakongo wa Toronto nzima wanalisoma wakiwa kazini huku wamejifanya wameenda chooni. Usije ukasema nimekuaibisha. Ulichokifanya mlangoni siku ya matanga ya mama ulikifanya mchana kweupe, umevaa suti na tai nyekundu, ukumbi umejaa. Na mimi nakujibu mchana kweupe.

Nimekasirika. Nalisema mapema ili usihangaike kutafuta ni wapi nimeificha hasira. Sijaificha.

Wanaotusoma na hawatujui wajue tu kwamba wewe ni mkubwa wangu, tumebaki wawili, mama yetu tulimzika mwezi uliopita, na Jumamosi hii tunaondoa matanga yake. Siku hiyo mtoto mkubwa ndiye anayesimama, anawashukuru wote waliokuja kulia nasi, anarudisha vyombo vya watu, na baada ya hapo sisi tuliofiwa tunarudi kuwa watu wa kawaida. Kazi hiyo ni yako. Umeshakata tiketi ya ndege kutoka Alberta. Ila huku kwangu, juu ya friji, kuna sufuria moja kubwa ya alumini ambayo hujui ni ya nani, ingawa ulikula kilichokuwa ndani yake mara mbili.

Nitafika huko. Kwanza nataka ukumbuke.

Kumbuka baba alivyokufa kambini Kigoma. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ardhi tope tupu, wanaume wenye nguvu katika mtaa wetu walikuwa wachache na wengine walikuwa na homa ileile iliyomchukua baba. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi minane. Akatokea mzee mmoja kutoka upande wa pili wa kambi na jembe lake begani. Alikuwa wa kabila lile ambalo sitalitaja hapa, maana wamo humu wanaosoma, na baadhi yao ni watu wazuri kutushinda sisi. Hatukumwita. Alisikia tu kwamba kuna msiba na hakuna wachimbaji, akaja.

Ukaokota jiwe. Nakuona mpaka leo, umesimama kati yake na kaburi, mkono nyuma. Watu wa kabila lake walikuwa wametutoa Uvira, ulikuwa umenibeba mgongoni siku mbili nzima, na ulikuwa na haki ya kuwa na hasira. Sikatai. Mama akaja taratibu kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, akakushika mkono, akaufungua kidole kimoja kimoja kama anayemnyang'anya mtoto mchanga kisu. Akakwambia, hakupaza sauti:

"Ku matanga habafukuzake mutu, Dezire. Ata ule."

Matangani hafukuzwi mtu, hata yule. Jiwe likaanguka. Mzee akachimba mpaka jua likawa kichwani. Na mama hakuishia hapo, unamjua mama. Akapakua ugali na maharage, akakupa wewe sahani uipeleke. Uliipeleka ukiwa umegeuza uso, lakini uliipeleka. Nilikuwa mdogo ila nilijivunia wewe kuliko siku nyingine yoyote. Nimewasimulia watoto wangu kisa hicho mara nyingi sana mpaka wananikatiza kwa Kiingereza chao na kunimalizia.

Sasa njoo Thorncliffe, kwenye jengo alilokaa mama.

Hukumjua Mama Yusufu kwa sababu ulipokuja kumtembelea mama ulikuwa unakaa dakika ishirini, unaomba, unapiga picha, unaondoka. Anakaa 904, mama alikaa 911. Walifahamiana siku lifti zote mbili zilipokufa. Mama alikuwa na mfuko wa unga wa fufu wa kilo kumi na moyo wake mbovu, amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu akitafakari ujinga wake. Mama Yusufu alikuwa anapanda na mboga zake. Akaweka mboga chini, akauinua mfuko wa unga kichwani, kichwani kabisa, juu ya hijabu, akapanda nao. Mama alicheka mpaka akaishiwa pumzi zaidi. Walipumzika kila ghorofa, wakala tende za mmoja na karanga za mwingine, na walipofika juu walikuwa marafiki.

Hawakuwa na lugha. Kiingereza cha mama unakijua, kiliishia kwenye "thank you" na "how much". Walishikana kwa maneno machache ambayo Kiarabu na Kiswahili vinachangia, sukari, sabuni, dawa, roho, na yaliyobaki wakayamaliza kwa mikono. Mama alimwuliza mtoto wake wa kwanza anaitwa nani ili ajue namna ya kumwita, kama sisi tunavyofanya. Akasema ni Yusufu, yuko Gaza na mke na watoto. Basi, mama akasema, wewe ni Mama Yusufu. Yule mama akapiga makofi, kwa sababu hata kwao alikuwa anaitwa hivyohivyo. Miaka yote aliyokaa Kanada hakuna aliyemwita jina lake la heshima mpaka alipokutana na kikongwe wa Uvira.

Yusufu alikufa, Kaka. Alikwenda kutafuta unga na hakurudi. Majirani wakaacha kumwita mama yake kwa jina la mtoto, wakiogopa kumtonesha. Mama akakataa. "Mutoto njo alikufa," alisema, "ule mama angali mama yake." Akaendelea kumwita Mama Yusufu, kwa sauti, koridoni, kila siku.

Ni wakati huohuo wewe, kabla hujahamia Alberta, ulipoleta bendera ya Israeli kanisani kwetu.

Nisikilize vizuri hapa maana najua utasema dada yako amegeuzwa na Waarabu, ulishaliandika kwenye kundi la familia. Sijageuzwa na mtu. Siku ile ya Oktoba Israeli iliposhambuliwa, habari zilipofika, nililia. Wewe unajua kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, lakini hukuwahi kuniuliza ni wazee gani. Mmoja ni Bibi Ruti, kule North York. Alizaliwa Haifa. Namwogesha mara nne kwa wiki, namkata kucha, namkanda magoti. Dada yake mdogo alikuwa na mjukuu, kijana wa miaka ishirini na miwili, alichukuliwa nyumbani kwao asubuhi ile akiwa na nguo za kulalia, na akarudishwa baadaye ndani ya sanduku. Na huyo dada, kabla ya hayo, alikuwa akiendesha gari lake mwenyewe mpaka mpakani kuwachukua watoto wagonjwa wa Gaza na kuwapeleka hospitali. Nilimshika Bibi Ruti bafuni siku habari za sanduku zilipofika. Alikuwa mwepesi kama kitambaa. Mikono hii ndiyo iliyomshika, usinifundishe mimi kulia na Waisraeli.

Unajua aliniambia nini wiki ile? "Wanaokuja kunipa pole, nusu wanataka nichukie na nusu wanataka niombe radhi. Hakuna anayetaka nilie tu."

Nilipomwambia kuna kanisa la Wakongo limetundika bendera ya nchi yake na kuomba ushindi kila Jumapili, alinishika mkono wenye sabuni. Akauliza, "Mmoja wenu amewahi kunijia kuniuliza ninachotaka?" Nikasema hapana. Akasema anataka dada yake alale usingizi, na vijana wa dada yake wasitumwe tena kule kuua wala kuuawa. Kisha akaniambia maji yamepoa.

Ndiyo hiyo bendera uliyoinunua mtandaoni na kuitundika pembeni ya kwaya. Mama alikuwa safu ya tatu. Aliitazama, akauliza kwa sauti, "Dezire, na ya Kongo iko wapi?" Kanisa zima likacheka. Wewe ukakasirika, ukasema, "Mama, hii njo ya Biblia." Tangu siku ile, yalipofika maombi ya ushindi, watu wote wakisimama, mama alibaki amekaa. Alisema magoti yanamuuma. Magoti yale yale yaliyopanda ngazi za ghorofa tisa.

Ninachokasirikia zaidi ni hiki. Sisi! Sisi tuliofukuzwa na watu waliosema ardhi ni yao tangu zamani za mababu! Sisi ambao mama alitunza karatasi ya kiwanja chetu cha Uvira, yenye muhuri, kwenye mfuko wa nailoni ndani ya Biblia yake! Mama Yusufu naye ana karatasi kama hiyo, ya shamba la babu yake, imechakaa kuliko yetu. Siku moja waliziweka zote mbili mezani, wakazipapasa. Nilikuwepo, nawakaangia samaki. Mama akasema kwa mikono na kwa maneno yangu niliyomtafsiria: pale kwetu sasa wanakaa watu wengine, na wana watoto waliozaliwa mle ndani, nikirudi hawa watoto nitawapeleka wapi? Unakumbuka, hata wewe alikuuliza swali hilo, ukamjibu utawatoa kwa kiberiti. Mama Yusufu alikasirika naye pia. Alisema swali hilo waulizwe kwanza waliochukua, si yeye aliyechukuliwa. Akakunja karatasi yake akaenda kwake. Kesho yake akarudi, akanunia chai, akainywa.

Sikuandikii kwamba yeye ni malaika. Alipojua kwamba namwogesha mwanamke wa Israeli aliitazama mikono yangu akauliza, "Hii hii?" Akafunga mlango. Siku kumi na mbili hakutusalimia, sahani za mama zikakaa kwake, zake zikakaa kwetu. Mama akafanya nini? Akachukua kigoda chake cha plastiki, akakiweka koridoni nje ya 904, akakaa hapo kila alasiri akichambua sombe, kisamvu chetu. Hakubisha. Msimamizi wa jengo alikuja kumwambia koridoni hapakaliwi, mama akamjibu "thank you" na kuendelea. Siku ya kumi na mbili mlango ukafunguka, Mama Yusufu akatoka na kigoda chake, akashika majani ya sombe, akaanza kuyachambua vibaya. Wala hakuomba msamaha. Na mimi sikuacha kazi kwa Bibi Ruti.

Wala sitakudanganya kwamba hao wawili wamekumbatiana. Hawajaonana, na sidhani wataonana. Mama Yusufu hataki, na mtoto wa Bibi Ruti hataki. Bibi Ruti aliniuliza mara moja tu huyo jirani yenu mtoto wake alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia. Akasema, "Hata sisi tuna Yosefu." Basi, mazungumzo yakaishia hapo, nikamvalisha soksi.

Watu humu kundini hubishana kila siku ni nini kinachozuia amani kule. Mimi sikusoma vyuo. Najua ipo serikali inayojenga nyumba juu ya mashamba ya watu na kuziita zake milele. Najua wapo wanaume waliovuka ua asubuhi moja, wakaua watu majumbani mwao na kuburuta vikongwe, kisha wakajificha chini ya ardhi na kuwaachia akina Mama Yusufu mabomu. Najua walioyamwaga hayo mabomu waliona watoto kwenye vioo vyao na hawakuacha. Najua wapo wakubwa pande zote ambao siku vita ikiisha na kazi yao imekwisha, kama wale wa kwetu wanaosaini amani hotelini na kurudi porini na vyeo vipya. Hao siwawezi. Wako mbali, wana walinzi, hawasomi Kiswahili.

Lakini wewe nakuweza.

Wewe na wenzako mlioko mbali, mnaokula mshahara wa Kanada, ambao risasi haitawafikia, mnaoshangilia kama mko uwanjani. Mama wa Uvira akifa mnataka dunia nzima ilie. Wa Gaza akifa mnafungua Biblia kutafuta mstari unaosema ni sawa. Na wapo wengine hapa mjini, nimewaona, walioshangilia siku ile mjukuu wa dada yake Bibi Ruti alipoburutwa. Hao nao nawakasirikia vilevile. Kila mtu ana orodha ya maiti wake, na kila orodha inaanzia mwaka unaomfaa mwenyewe. Sisi ndio tulipaswa kuujua mchezo huo, maana umetula. Kwetu kila kabila lina mwaka wake wa kuanzia kuhesabu, na wote wanalia kweli. Mkulima aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo, wewe umeumwa na nyoka ukaenda kumfuga.

Haya, twende mlangoni.

Siku ya matanga Mama Yusufu aliamka alfajiri akapika wali wake wa biringanya na kuku, ule wa kupinduliwa. Kapanda nao basi kwenye theluji, sufuria imefungwa taulo, mpaka ukumbi wa kanisa. Akaingia kwa mlango wa nyuma, wa jikoni, akanikabidhi. Nikaiweka mezani pamoja na fufu na sombe na samaki wa akina mama wa kwaya. Kisha akasema hawezi kuingia msibani kwa mlango wa jikoni kama mtumishi, anataka kuja mbele awape wafiwa mkono kama inavyotakiwa. Akajifunga vizuri, akazunguka nje.

Mbele ulikuwa umesimama wewe.

Nilikuwa hatua tano nyuma yako na trei ya soda. Nilisikia yote. Ulimwambia kwa kile Kiingereza chako cha kukaribisha wageni kwamba leo si siku nzuri, kwamba hapa ni nyumba inayoombea Israeli na watu wanaweza kukwazika, labda aje siku nyingine nyumbani. Siku nyingine! Mama angekufa tena lini? Mama Yusufu akaweka mkono kifuani akasema kwa Kiingereza chake, "Mama yako," na sentensi ikamshinda. Ukageuka ukamwambia mzee wa kanisa aliyekuwa kando yako, "Batu batasema nini?" Hukuona hata alivyoshuka ngazi akishikilia chuma kwa mikono miwili kwa sababu ya barafu.

Nami? Mimi niliinamisha kichwa, nikajifanya natafuta kifungulio cha soda. Kilikuwa mkononi mwangu. Najikasirikia kuliko ninavyokukasirikia wewe, ujue, na nakukasirikia sana.

Baada ya hapo akina mama wa kwaya, ambao hawakujua lolote, wakapindua ile sufuria kwenye sinia. Wali ukasimama mzima, biringanya juu, mafuta yanametameta. Wakasema chakula kizuri namna hii kianzie meza ya wazee. Kikaanzia kwako. Ulikula, Kaka. Ukasema, mbele yangu, "Huu wali njo nani alipika? Mumupe Mungu wake asante," na watu wakacheka. Ukaomba sahani ya pili. Mtu aliyekula chakula cha mwenzake matangani amempokea, hilo ulifundishwa ukiwa na jiwe mkononi. Umempokea Mama Yusufu tumboni na kumfukuza mlangoni, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

Tangu hapo sufuria iko kwangu. Chombo cha watu hakirudi kitupu, na mimi sijui nitie nini ndani yake. Nimemgongea mara tatu, anafungua, ananiambia hakuna tatizo. Anasema "hakuna tatizo" kama wanavyosema watu wa ofisini. Hajaulizia sufuria. Jumapili, siku moja baada ya kuondoa matanga, anahamia Windsor kwa dada yake. Anasema ghorofa hii imekuwa kubwa mno.

Sasa nikwambie kitu ambacho nimekificha, na baada ya hapo unifungie na mlango kama simu haitoshi.

Katika hotuba yako siku ya matanga ulisema mama alifia mikononi mwa dada mmoja wa kanisa, huku anaimbiwa. Sijui nani alikwambia. Nadhani ulidhani tu, na mimi nikakuacha udhani, kwa woga. Siku ile theluji ilisimamisha mabasi. Mimi nilikuwa North York, mikono yangu ina sabuni ya Bibi Ruti. Hapakuwa na mtu wa kanisa. Mama alikuwa na Mama Yusufu, saa nane mchana, wanachambua sombe. Moyo ukasimama. Mama Yusufu aliita gari la wagonjwa, wakaja, wakajaribu, wakasema imekwisha. Ndiye aliyemfumba mama macho. Ndiye aliyemfuta uso kwa maji ya vuguvugu. Alivua kitambaa chake cheupe kichwani, akamfunga mama taya ili mdomo usikae wazi, kisha akakaa kichwa kitupu, amemshika mkono, saa tatu nzima mpaka nilipofika. Nilipoingia alisema neno moja kwa Kiswahili, alilokuwa amejifunza kwa mama. "Pole." Yeye ambaye mwanawe alizikwa na watu asiowajua.

Unakikumbuka kile kitambaa cheupe? Ulikibusu. Uliuliza kama unaweza kubaki nacho, kwa kuwa ndicho cha mwisho kugusa uso wa mama, na mimi nikasema ndiyo. Kiko Alberta, kwenye sanduku lako, kati ya Biblia na tai. Ni chake.

Basi hivi ndivyo itakavyokuwa. Jumamosi hatuondoi matanga ukumbini chini ya bendera ya mtu yeyote. Nimeshamwambia mchungaji, kanuna, atatulia. Tunaondoa koridoni, ghorofa ya tisa, saa nane mchana, watu waje na vigoda vyao. Msimamizi wa jengo akija nitamwambia "thank you". Nimepata cha kutia kwenye sufuria: sombe, niliyoichambua mwenyewe. Mtoto mkubwa ndiye anayerudisha vyombo vya watu. Utaichukua sufuria kwangu, utatembea nayo mpaka 904, utaweka kitambaa juu yake kimefuliwa na kukunjwa, utabisha, na utasema asante kwa kumfumba mama yangu macho. Hutaulizwa siasa. Hutaulizwa uko upande gani. Sikuombi umalize vita ya mtu, nakuomba urudishe vyombo.

Usipokuja nitaibeba mimi, na kitambaa atakisamehe, namjua. Watu wakiniuliza mkubwa wa nyumba hii yuko wapi sitasema amekosa ndege, wala sitasema ana kazi kiwandani. Nitawaambia tulikuwa wawili, mmoja alibaki kule Kigoma amesimama kwenye tope kati ya kaburi na mchimbaji, jiwe bado liko mkononi, na aliyekuwa anajua kumfungua vidole ndiye tuliyemzika.

Mdogo wako,
uliyenibeba siku mbili na hukuniangusha